Kuosha Mama za Watu Rotterdam

Siku yangu ya kwanza kazini, theluji ilianguka Rotterdam polepole mno hata nikadhani mji mzima umesinzia. Nilikuwa nimemfuata marehemu mume wangu, mpishi wa meli. Msikiti wetu zamani ulikuwa ghala la baiskeli, na nyuma yake palikuwa na chumba chenye meza ndefu na bomba la maji moto. Humo niliosha maiti za wanawake miaka yangu yote ya kazi, mpaka nikastaafu na kurudi hapa Ipagala, Dodoma.

Msimamizi wetu, mama wa Kituruki, aliitazama mikono yangu.

"Umewahi kuosha?"

"Bibi yangu, kwetu Kondoa."

"Basi unajua. Usiwe na haraka tu."

Kazi yenyewe ni ya stara. Maiti hafunuliwi; unamwosha chini ya shuka, ukianza kuliani, kwa maji yenye majani ya mkunazi. Kondoa majani hayo tunachuma mtini, kule tuliuziwa unga wake dukani kwa Wamoroko. Maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti, ile dawa nyeupe yenye harufu kali, ndipo huvishwa sanda. Wamoroko walipenda marashi. Wasomali waliingia kundi zima, kila mmoja na amri yake, nikawafukuza nusu. Mvuke ukishajaa chumbani, nilikuwa sijui tena niko nchi gani. Kila niliyemwosha alikuwa na uso wa bibi yangu.

Msimamizi alipoacha kazi, Imamu Mkuu alinikabidhi nafasi yake.

"Tafuta wa kukurithi," akaniambia. "Wasichana waliozaliwa hapa wanaogopa."

Mwoga wa kwanza alikuwa binti yangu, Zuhura. Alifika mlangoni, akarudi nyuma.

"Mama, siwezi."

"Nikifa nitaoshwa na nani? Manispaa?"

Nilisema kwa ukali, maana iliniuma. Kwetu, mama huoshwa na bintiye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nikarudi Dodoma bila mrithi, Zuhura akabaki na wanawe. Mwaka jana, mchana mmoja wa upepo mwanana, akanipigia simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

"Jirani yangu Msomali amefariki. Binti zake wako mbali, hawakuwahi. Nimemwosha mimi."

Nililia kwa furaha, nikamshukuru Mungu kwa sauti hata majirani wakaja kuuliza kulikoni. Yeye akaendelea, taratibu:

"Sasa naweza, Mama. Na wewe nitakuosha."

Huku kwetu ukifa asubuhi, alasiri umeshazikwa. Maziko hayasubiri ndege. Zuhura alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

"Wewe osha mama za wenzio huko," nikamwambia mwishowe. "Huku, binti za wenzangu wataniosha mimi."