Bi Harusi wa Kijani

Jamani, mwenzenu mpaka leo naona haya kupita Majengo.

Mama Ngonyani alileta kompyuta kutoka Dubai ili nichape kadi za harusi dukani kwake Majengo. Mimi nikaiwekea mchezo wa mbio za magari. Mchezo ulikuwa mzito, gari likienda kwa kukwamakwama, mpaka nilipogundua kwamba nikipunguza rangi za kioo cha kompyuta linateleza vizuri sana.

Siku moja nilikuwa naongoza mbio, mara bi harusi mmoja, Sikudhani, akaingia kuangalia picha yake kwenye kadi. Haraka nikaufunika mchezo, nikafungua picha. Uso ulikuwa wa kijani, mashavu ya zambarau.

Sikudhani akaanza kulia. "Ndivyo nilivyo?"

Habari za rangi nilikuwa nimeshazisahau kabisa. Nikamjibu kwa uhakika, "Dada, fundi picha amekuharibia."

Fundi picha mwenyewe, Haule, akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuja amefura, mkononi ana picha yenyewe, na Sikudhani humo amependeza kweli. Bado nikashikilia kwamba dawa zake za kusafishia picha zimeharibika.

Kelele zikamtoa Mama Ngonyani chumba cha nyuma.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Alishika mausi, akaifunga picha. Nyuma yake likajitokeza gari langu, la kijani vilevile, katikati ya barabara ya zambarau.

Sikudhani aliacha kulia, akaangua kicheko mpaka akashika meza.

"Na hili gari," Mama Ngonyani akaniuliza taratibu, "nalo limepigwa picha na Haule?"