Sehemu ya Tatu Iko Kwenye Mlango

Kasoki aliuza sabuni, chumvi na betri pale Kibua, Walikale, na watu walimwita mfanyabiashara kwa heshima tu. Kwao Butembo, mtu akifunga duka saa nane mchana ili akachore, familia hukaa kikao. Yeye alifunga. Alichora bede, hadithi za picha, kwa biki ya bluu kwenye makaye, madaftari ya shule, upande mmoja tu wa karatasi, maana wino ulipenya hadi upande wa pili.

Hadithi yake kubwa ilimhusu Mukasine, mshonaji anayekimbia vita mara nne akiwa na cherehani kichwani. Ilikuwa na sehemu tatu, kaye moja kila sehemu. Mashine ya kutoa nakala ilikuwa mbali, Goma, kwa hiyo nakala hazikuwepo. Kasoki alipanga hivi: kaye moja ikae Kibua, nyingine Masisi dukani kwa Mama Valérie, ya tatu Karuba kwa Papa Hakorimana. Watu wasomee hapo hapo kwenye benchi, walipe yai ao viazi, na kila mwezi makaye yabadilishane maduka. Ulikuwa mpango mzuri, kwa nchi nyingine. Mwaka 2007 vita ilirudi barabarani, makaye yakakwama yalipokuwa, na Karuba ikakaa miezi saba ikisoma mwisho wa hadithi ambayo haikujua mwanzo wake.

Ndipo simu ikaja kutoka Goma. Kungekuwa na festivali ya bede, na hadithi moja ingechapwa kitabu. Masharti: iwe kamili, michoro yenyewe iletwe, mwisho Ijumaa saa kumi. Kasoki hakuwa mwanamke wa kutamani mengi, lakini hiki alikitamani: kitu kinachoweza kuungua Kibua na bado kikawepo mahali pengine.

Alimchukua Merdi, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, wakaondoka na kaye ya kwanza ndani ya plastiki. Masisi, Mama Valérie alirudisha ya pili bila ubishi. Wasomaji walikuwa wameandika pembeni, si maoni juu ya uchoraji bali mashauri kwa Mukasine: *Mama, usipite huko, pita chini. Jana kulilia masasi ya bunduki.*

Karuba, Papa Hakorimana, mfugaji mwenye kiduka, aliwakaribisha kwa maziwa na hakutoa kaye yoyote. Alionyesha mlango wa duka. Upande wa ndani, kurasa zote ishirini na nne zilikuwa zimebandikwa kwa uji wa muhogo, safu kwa safu, na kupakwa mafuta ya mawese juu ili unyevu usiingie. Kazi safi.

"Papa, ulifanya nini?"

"Nilichunga kitu yako. Kaye inaingia chini ya shati ya muntu, inaenda. Mulango haiende."

"Bandua."

Papa alijaribu kona moja kwa kisu. Kilichotoka kilikuwa sikio la Mukasine.

Kisha Hakorimana, ambaye alikuwa muungwana, akaleta nyundo na kung'oa bawaba. Alisema duka litalindwa na mbuzi. Ijumaa asubuhi mlango ulifungwa kwa kamba nyuma ya moto, ukiwa umelala kwa upana, na Kasoki akakaa mbele yake kama abiria anayehama na nyumba kidogo kidogo.

Kwenye bariyeri ya chini wanajeshi waliwasimamisha. Wa upande gani, hawakusema, na yeye hakuuliza. Kaporali alizunguka moto mara mbili.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni bede."

"Mimi naona mulango."

"Bede iko ndani yake."

Akatazama. Akatazama pia kibanda chao, ambacho mahali pa mlango kilikuwa na blanketi lililolowa.

"Basi tutaisoma," alisema kwa upole, na wawili wakaanza kufungua kamba.

Kasoki alieleza yote: festivali, kitabu, saa kumi. Alieleza vizuri. Kaporali alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo maofisi mengi hayafanyi, kisha akasema kwamba huku mvua inanyesha tangu Jumapili.

Walifika Goma saa tisa kamili. Dada Blandine, aliyepokea kazi za festivali, alisoma sehemu mbili palepale, akasahau soda yake.

"Anaiweka wapi ile cherehani, mwisho?"

Kasoki alimwambia.

"Ni nzuri sana," alisema Blandine, na ilionekana wazi kwamba hakuwa anadanganya. "Lakini hatuwezi kuchapa kitu tumesikia tu. Unaweza kuchora tena?"

Kasoki alitazama saa ya ukutani. Kurasa ishirini na nne, dakika ishirini na tano. Alichora moja. Ilikuwa mbaya.

Walichapa hadithi ya kijana wa mjini kuhusu watu wanaoishi mwezini. Jumamosi Kasoki alizunguka maduka mawili ya vitabu, akaona bede zenye jalada gumu nyuma ya kioo. Muuzaji alimfungulia moja, akamruhusu kushika pembe.

Wakirudi, mlango ulikuwa umesimama kwenye kibanda, umefungwa vizuri. Kaporali alitoka mwenyewe kuwapokea.

"Mama, tumesoma yote. Sasa huyu mama alitoka wapi na hiyo mashine? Mwanzo iko wapi?"

Merdi alitazama barabara. Bunduki nne hazikuelekezwa kwa mtu yeyote. Zilikuwa tu zimeegemea ukuta, na plastiki yenye makaye ilionekana wazi kwenye mapaja ya Kasoki.

"Ni yenye iko pale?"

Kasoki akampa. Kaporali alikaa kwenye mfuko wa mchanga, akaanza ukurasa wa kwanza kwa kidole, akitamka kila neno. Alikuwa msomaji mzuri, hakuruka kitu. Kwenye sehemu ya pili aliita wenzake, wakabishana kama Mukasine angepita chini ao juu. Walipomaliza aliingia ndani na makaye yote mawili, akautazama mlango, akasema anakwenda kutafuta muhogo.