Ushauri wa Kinsi kwa Alio

Kinsi anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, lakini majirani zake wa mtaa wa Waberi wanamjua zaidi kwa kuzima ugomvi. Mke kagombana na wifi, mbuzi kala mboga za mtu, wote humwendea yeye. Dawa yake ni moja: aliyekosa akubali mapema, aombe msamaha, mambo yaishe. Na dawa hiyo ilifanya kazi miaka nenda miaka rudi, mpaka alipoipeleka mahakamani.

Mdogo wake, Alio, ni mchunga mifugo wa huko Sangailu, mtu wa hasira za karibu. Waligombania zamu ya kunywesha mifugo na mwenzake Dubow, Alio akamchapa fimbo, akamvunja mkono. Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Alio alikiri bila kuzungukazunguka, ngamia wa fidia wakatolewa, Fatiha ikasomwa, na Dubow akala sahani moja na mtu aliyemvunja. Huko kwao, jambo likifika hapo limekwisha. Kumbe kesi ilikuwa imeshafunguliwa polisi tangu siku ya kwanza, na serikali haikualikwa kwenye ile sahani. Alio alipokuja mjini kununua dawa za mifugo, alitiwa mbaroni.

Kinsi alimpelekea chai na anjera kituoni.

"Abaayo, niseme nini mbele ya hakimu?" Alio akamuuliza dada yake.

"Sema kweli, kama ulivyosema kwa wazee. Ukikataa watakuona mshari."

Shtaka likasomwa, mkalimani akalitia Kisomali: kumjeruhi mtu vibaya. Alio akasema ni kweli. Mwendesha mashtaka akasimulia mkasa mzima. Alio akasema hata huo ni kweli. Hakimu akamwonya kuwa kosa ni zito, akamuuliza kama ana hakika na jibu lake. Alio akamgeukia dada yake, naye Kinsi, masikini, akaitikia kwa kichwa.

Basi akatiwa hatiani papo hapo. Dubow akasimama na mkono wake uliopinda.

"Mheshimiwa, mimi nimesamehe yeye. Sisi maneno imeisha."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba mwenye kesi ni Jamhuri, yeye Dubow ni shahidi tu, ila msamaha wake utafikiriwa katika adhabu. Ukafikiriwa. Ikawa miaka mitatu jela.

Nje, Kinsi alimkimbilia mkalimani, msichana mmoja aitwaye Ifrah, amweleze kosa limetokea wapi.

"Angekataa shtaka, eddo, serikali ingelazimika kuleta mashahidi," Ifrah alisema, akimwita shangazi kwa heshima na kuona haya kumtazama. "Shahidi mwenyewe ni Dubow, na umemsikia. Huenda kesi ingekufa. Rufaa ipo, lakini aliyekubali kosa huomba kupunguziwa adhabu tu."

Kinsi hakuwa na mtu wa kumtupia lawama isipokuwa yeye mwenyewe.

Askari mmoja alimhurumia, akamruhusu kusogea kwenye nondo za mahabusu kabla gari la jela halijafika. Alio alikuwa amechuchumaa ukutani. Hakulia wala hakulaumu.

"Abaayo," alisema, "kama ningekataa, leo ningerudi nyumbani?"

"Hapana," Kinsi akamwambia. "Ingekuwa vilevile."

Alio akashusha pumzi, akamshukuru dada yake kwa ushauri wake.