Mwenyekiti Asiyefika Kwenye Nyama Choma

Saa tisa alasiri, Jumamosi, mtaa wa Rosettenville, kusini mwa Afrika. Hélène amesimama nyuma ya kiti cha saluni, vidole vinasuka vyenyewe. Simu inatikisika kando ya mafungu ya rasta. Anaisoma, anafumba macho, midomo inacheza.

"Namwomba Mungu anizuilie ulimi," anasema. "Wamekutana tena."

Mchana mama huyu wa Uvira husuka nywele. Jioni anasomea biashara katika chuo kikuu chenye wazungu wengi. Machi mwaka huu, 2012, wanafunzi wa jioni walimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati yao.

Aliwaahidi kitu kimoja: basi. Basi la mwisho la chuo huondoka kabla masomo hayajaisha, na wasio na magari hutembea gizani hadi kwenye teksi, yale mabasi madogo ya abiria. Mwezi Mei mwenzao, Belyse, aliporwa na kuumizwa njiani. Hajarudi darasani.

Kila mwaka chuo hupokea ombi moja tu la kamati hiyo. Kikao ni Jumatano, lakini makamu wake, Riaan, huwaita wajumbe kwake Jumamosi wachome nyama. Jumatano ikifika, mambo yameshakwisha. Leo wamekubaliana waombe maegesho zaidi ya magari.

Si kwamba hakualikwa. Riaan humwambia aje tu, ni mapumziko.

"Msusi apumzike Jumamosi? Jumatatu watoto wale nini? Nikimweleza, ananiambia nipunguze hasira. Hata sauti sijapandisha."

Mjumbe mwingine alimsifu kwamba anaongoza vizuri, ukizingatia Kiingereza chake. Hélène alishukuru, akaenda chooni kusali.

Sonia, mteja wake Mrundi, anacheka. "Eish, mama mwenyekiti, nitume mimi. Nyama nitaimaliza, na maegesho watayasahau."

"Tulia, mstari utapinda."

Mwenyekiti ndiye anayepanga siku na mahali pa kikao, na Jumatano wajumbe wanatakiwa kupiga kura. Hélène anafuta vidole, anaandika ujumbe: kikao kimehamishwa hadi Jumamosi ijayo, hapa saluni.

Jibu la Riaan linakuja upesi. Anauliza kama Hélène anatania, na watakaa wapi.

"Viti vipo," Hélène anasema, akirudi kwenye kichwa cha Sonia. "Ila hiki, siku hiyo, ni cha Belyse. Amekubali kuja kusukwa, na kichwa chake ni kazi ya saa tano. Waje wayapigie kura maegesho yao wakimtazama."