Bi Kifuko na Kiti cha Mtu Mmoja

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyomwita na kama mwenyewe alivyopenda kulitamka akiwa amenyoosha mgongo, ni Bi Kifuko Fundi Makochi, binti wa Seremala Kimya, mjukuu wa Mama Magodoro. Wala hayo si majina ya kuokota njiani. Mama Magodoro alikuwa akifumua na kujaza upya magodoro ya sufi enzi ambazo sponji haijajulikana, na siku moja, ndani ya godoro la wakubwa fulani, mkono wake ukagusa hereni. Hereni moja tu, na haikuwa ya mwenye nyumba. Hakuitoa mbele za watu. Alikata kipande cha kitambaa cha godoro lenyewe, akaishonea humo, akamkabidhi aliyemletea kazi, akakusanya sindano zake akaondoka kabla hajaulizwa kitu. Mwanawe, Seremala Kimya, alitengeneza vitanda vya maharusi na majeneza ya mtaa mzima, na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kusema ni nani na nani waliokuja kupimwa majeneza yao wangali wazima, wanakula na kucheka.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Bi Kifuko alipoanza kuvalisha makochi kwenye karakana ya baba yake, mafundi wa kiume walimcheka. "Mwanamke na nyundo wapi na wapi? Labda atwangie vitunguu saumu!" Alivalisha viti vya chumba cha kusubiri cha hospitali, vile ambavyo kila mgonjwa wa mtaa amewahi kuvikalia, na mpaka leo kitambaa chake hakijaachia hata pindo moja. Wale waliocheka wameshavikalia mara nyingi, wakisubiri kuitwa kupima presha.

Sasa, asiyejua kazi hii hudhani kochi ni mbao na sponji. Kochi ni tumbo, bwana. Linameza. Linameza vitana, vifungo, kalamu, risiti, picha, na aliwahi kukuta hata meno ya bandia, yamekaa yanamchekea. Ndiyo maana alikuwa na utaratibu wake, ule wa Mama Magodoro. Kochi hupasuliwa kwa nyuma. Mkono unaingia, uso umegeuzwa pembeni. Kilichomo hutolewa na kutumbukizwa moja kwa moja katika kifuko kilichokatwa kwenye kitambaa cha kochi hilohilo, kisha kifuko hushonwa mdomo kwa uzi mweupe, hata kama kitambaa ni cheusi, ili mwenyewe aone kwamba hakijafunguliwa.

"Mkono uone, macho yasione," alikuwa akisema. Watu walimletea makochi kutoka mitaa ya mbali, wakipita karakana nyingine njiani, kwa ajili ya hicho kifuko.

Mjukuu wake wa kike, aliyeitwa Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla hajaanza kutembea, ndiye aliyetakiwa kuirithi karakana. Na alikuwa na mkono, usifanye mchezo. Kona alizikunja kama bahasha. Zaidi ya hapo, aliifungulia karakana ukurasa mtandaoni, akaweka picha za viti kabla na baada, na wateja wakaja wengi mpaka benchi la nje likajaa. Bi Kifuko alimwangalia akajisemea moyoni: huyu ni wangu, hakuna wa kubisha.

Lakini Chiriku alikuwa na mtindo mmoja. Kila mteja akipiga simu kuulizia kazi, yeye hutafuta jina lake mtandaoni, anakaa kitako kupekua ukurasa wake. Mteja akifika, anapokelewa na habari zake mwenyewe.

"Karibu, shangazi! Hongera kwa mjukuu, kafanana na wewe!"

Wengine walifurahi. Mmoja aliupandisha mtandio begani, akatazama nyuma kama mtu aliyesikia nyayo. Bi Kifuko alimwona yule wa mtandio, akakusudia kusema neno, kazi zikamzidi.

Ndipo akaja Mama Mwalimu.

Mama Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa sauti ya taratibu, aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa kuandika majina yao. Alileta kochi la watu wawili, zito, la mbao ya zamani. Akalizunguka, akaliwekea mkono mgongoni.

"Fundi, nataka ulikate. Unitengenezee kiti cha mtu mmoja."

Chiriku akadakia, "Cha mmoja tu, mama? Mbona fremu hii nzima kabisa..."

"Cha mtu mmoja," alisema Bi Kifuko. "Inawezekana. Mikono ya kiti unaipenda mipana au myembamba?"

"Mipana."

"Itakuwa mipana."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Bi Kifuko alipasua kochi kwa nyuma, akageuza uso, akajaza kifuko, akakishona. Kisha akaikata fremu, akafunga mikanda mipya, akapanga springi. Kazi ile ilimpa raha, maana kulipunguza kochi la wawili liwe kiti cha mmoja na lisionekane kama lililokatwa, si kazi ya kila mtu.

Chiriku lakini, neno "cha mmoja" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akapekua. Akakuta ukurasa wa Mama Mwalimu, na juu kabisa picha yake na mumewe wamekaa kwenye kochi lilelile, wanacheka, na maneno ya kuadhimisha ndoa yao. Tarehe yenyewe ilikuwa inakaribia tena. Moyo wa Chiriku ukayeyuka. Hakumwambia mtu. Alikwenda kwa mchapishaji wa mabango, duka la pili kutoka karakana, akachapisha ile picha kwenye kitambaa cheupe, akashona mto mzuri wenye nyuso mbili, chini yake maneno "Wawili Daima". Zawadi ya karakana kwa mteja.

Asubuhi ya Mama Mwalimu kuja kukikagua kiti, Chiriku aliuweka mto ule juu yake, akarudi nyuma kuutazama. Bi Kifuko alitokea stoo na gundi mkononi. Akaona nyuso mbili. Akaona kiti cha mtu mmoja. Kabla hajafungua mdomo, mlangoni kukasikika hodi.

Mama Mwalimu hakuja peke yake. Alifuatana na jirani yake, yule ambaye mtaa ulimwita Mama Redio, mtu ambaye habari ikimwingia sikio hili asubuhi, adhuhuri umeshaisikia sokoni.

Bi Kifuko hakukimbia, miaka yake haikumruhusu. Alifanya alichoweza. Alikaa. Aliushusha uzito wake wote juu ya ule mto, akapanua magoti, akatandaza khanga yake kulia na kushoto kama kuku anayeatamia.

"Shikamoo, Bi mkubwa," alisema Mama Redio. "Ndicho chenyewe? Hebu simama basi tukione."

"Marahaba. Nakijaribu."

"Unakijaribu mpaka lini?"

"Mpaka kinijibu. Kiti hakionwi kwa macho, mama, kinaonwa kwa makalio. Yangu mimi yana uzoefu."

Mama Redio akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akazunguka, akainama, akapapasa mkono wa kiti. "Lakini shoga, hiki ni cha mtu mmoja. Na mzee akirudi huko kazini kwake, atakaa wapi?"

Mama Mwalimu alitazama springi zilizolala sakafuni.

"Atakaa anapokaa," alisema.

Chiriku, aliyekuwa amesimama na tabasamu lake tayari, tabasamu likamwanguka usoni. Akamtazama bibi yake. Bibi yake akamtazama kwa jicho la Wewe Subiri.

"Basi ngoja nikipige picha niwaonyeshe kina mama kwenye kundi," Mama Redio alisema, simu juu.

"Ukipiga picha nikiwa na khanga ya kazini," Bi Kifuko alisema polepole, "nitahakikisha kochi lako linavalishwa kitambaa cha mwavuli."

Simu ikarudi mkobani. Mama Mwalimu alishukuru, akasema kazi inaonekana nzuri hata ikiwa imekaliwa, wakakubaliana kiti kipelekwe kwake kesho yake. Walipokwisha kuvuka barabara ndipo Bi Kifuko aliponyanyuka, akautoa mto, akauweka juu ya meza ya kukatia.

"Fumua."

"Bibi, mimi sikujua!"

"Ndiyo. Hukujua. Ulichungulia, ukadhani umejua."

"Kwani nimeiba? Picha kaiweka mwenyewe, dunia nzima inaiona."

"Hata mimi naanika nguo zangu nje, kila apitaye anaziona. Lakini ukiingia uani ukaanza kuzigeuzageuza kutafuta saizi, nitakuuliza una jambo gani."

Chiriku machozi yalikuwa karibu, ila ulimi haukukubali kulala. "Na wewe je? Kochi likiingia tu humu unajua nani anakula kwa kujificha, nani amefukuzwa chumbani analala sebuleni. Wewe unasoma makochi, mimi nasoma simu. Tofauti iko wapi?"

Lilikuwa pigo zuri, na ndani ya hasira yake fahari ilimpanda Bi Kifuko: huyu kweli ni damu yake. Akavuta kigoda.

"Sikiliza, mke mwenzangu. Kochi ananiletea mwenyewe, na tangu anapolishusha hapo mlangoni ananiamini nitalifunga. Ukurasa wake hakukuletea. Uliufuata wewe, kwa kunyata, halafu ukataka ashukuru. Nilijualo mimi linakufa mkononi mwangu. Lako umelichapa ukaliweka kwenye kiti. Angeingia Mama Redio kabla sijakaa, leo hii huyu mama angekosa pa kuweka uso."

Chiriku alifumua. Alipomaliza, Bi Kifuko akamwambia kesho kiti atakipeleka yeye, na atamweleza Mama Mwalimu alichofanya, chote, kwa mdomo wake.

"Atatusema, Bibi. Jina la karakana litaharibika."

"Likiharibika, utakuwa umelirithi limeharibika, uanze kulitengeneza. Ukimficha, sikurithishi hata misumari."

Kesho yake walikwenda wote wawili, kiti juu ya mkokoteni. Sebuleni kwa Mama Mwalimu, zulia lilikuwa bado na alama za miguu ya kochi la zamani. Kiti kikawekwa katikati ya alama hizo, kikaenea. Chiriku alisimama mbele ya yule mama kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema yote. Akampa kile kitambaa kilichofumuliwa, kimekunjwa, na kifuko chenye uzi mweupe.

Mama Mwalimu alikikunjua kitambaa.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Pembe ya gauni langu, lile la pichani, ilichungulia chini ya khanga ya bibi yako. Gauni lile nalijua." Akamgeukia Bi Kifuko, akatikisa kichwa, na mdomo ukataka kucheka. "Ulikaa kama askari."

"Nilikaa kama fundi," Bi Kifuko alisema.

"Mume wangu alihama," Mama Mwalimu alisema, bila kupandisha sauti. "Ana nyumba nyingine, na mtu mwingine. Zile picha nimeziacha zikae, mwanangu, kama pazia. Ili watu wasigonge. Wewe umelifunua pazia uniambie lina rangi nzuri." Kisha akauliza kama aulizavyo mwalimu anapofika kwenye swali lenye maksi nyingi: "Nani mwingine ameuona ule mto?"

"Hakuna, mama. Naapa."

"Na aliyeichapa picha?"

Hata Bi Kifuko hakuwa amelifikiria hilo.

"Iko kwenye kompyuta yake," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Nitakwenda sasa hivi. Nitasimama pale mpaka aifute, niione inafutika."

"Nenda. Halafu urudi uniambie. Sitasema kitu kuhusu karakana yenu mpaka urudi."

Alikwenda mbio. Aliporudi anahema, kazi imefanyika, alimkuta Mama Mwalimu amekaa kwenye kiti chake kipya. Kifuko kilikuwa mapajani, uzi mweupe haujakatwa. Mikono ameitandaza juu ya mikono mipana ya kiti, huku na huku, kama mtu aliyeshika usukani wa gari lake mwenyewe.

"Kinanitosha," alisema. "Nitakayemwona ana kochi bovu nitamleta kwenu. Lakini nitampa jina la bibi yako kwanza. Lako nitalingojea kidogo."

Njiani kurudi Bi Kifuko alitembea kifua mbele, akiitikia salamu za watu kama aliyetoka kupewa nishani. Chiriku alisukuma mkokoteni mtupu, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, mtaa mzima ukapita hajasema neno.

Karakanani walikuta kochi la kijani limeshushwa mlangoni, kubwa, limelegea kila upande, na mwenye nalo ameacha jina na namba ya simu kwa jirani. Chiriku akaichukua ile karatasi. Kidole gumba kikaenda kwenye simu kwa mazoea. Akaandika namba, akampigia mwenyewe, akamuuliza anataka kitambaa gani na lini, basi.

Bi Kifuko alikuwa anasikiliza huku anajifanya anatafuta nyundo. Akafungua kikopo cha marehemu Mama Magodoro, akatoa sindano ile ndefu iliyopinda kama mwezi mwandamo, ambayo hakuwahi kumwachia mtu, akaiweka juu ya kiganja cha mjukuu wake.

"Lipasue kwa nyuma," alisema. "Geuza uso. Na hicho kifuko ukate kikubwa, mke mwenzangu, hilo kochi la wenye watoto."