Bonde Nililoonyesha na Bonde Nililoficha

Jumbe alifika kwetu Maposeni asubuhi, mimi na dada yangu tukipura ulezi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, tukampa kigoda. Alikaa. Kisha akasema kwamba bomani kuna Mzungu mgeni. Si askari wala padri, bali ni mtu wa kukusanya majani na ndege. Amesikia kuna pori upande wa mashariki, mwendo wa siku sita, lenye bonde la chemchemi ambalo halijakaliwa na mtu. Anataka kuliona.

“Wanawake waliojificha kule wakati wa vita ni ninyi,” jumbe alisema. “Mmoja wenu atamwongoza.”

Vita vya maji ya dawa na Wajerumani vilikuwa vimekwisha miaka michache tu. Tulikuwa tumeona wazee wetu wakinyongwa mjini, na maghala yetu yakiteketezwa na ulezi wake ndani. Neno la boma halikuhitaji kurudiwa. Mume wangu alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya serikali kwenda pwani, na dada alikuwa mjamzito. Nilijua ni mimi.

Jumbe alipoondoka, dada aliacha kupura. Aliniuliza swali moja: “Utawaonyesha alipolala mama?”

Niliendelea kupura peke yangu.

Tulipokimbia moto wa askari tulikuwa watatu: mimi, dada na mama. Bonde la kwanza lilitupa maji kwa miezi kadhaa. Tembo walikuja kunywa hapo na wana wao, nasi tuliwapisha. Mama alitufundisha kuchimba viazi vya porini kwa adabu: ukitoa kiazi, unakiacha kichwa cha mzizi na kukifukia, kiote tena. Chemchemi ilipopungua tulivuka mwamba mrefu na kukuta bonde la pili, dogo, la kijani hata wakati wa kiangazi. Huko homa ilimchukua mama. Tulimzika kwa mikono yetu, tukamwekea mawe ili fisi wasimfukue.

Tuliondoka Songea na wapagazi wapatao thelathini. Nilikuwa nimedhani ni watu watano. Kila nilipogeuka niliuona mstari wa vichwa na mizigo, na nyuma yao nyasi zimelala kama zimepitiwa na ng'ombe. Nilikosa usingizi kwa hesabu ya miguu ile. Sisi tulipita watatu kwa mwaka mzima na hatukuacha njia. Hawa waliiacha kwa siku moja.

Mkalimani alikuwa Myao wa Tunduru, mtu wa makamo, mwenye kuswali swala zake zote hata safarini. Aliniita dada na hakunikemea. Yule Mzungu naye hakuwa mtu mbaya. Ninasema hivi kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Tulipofika kwenye chemchemi alivua kofia, akapiga magoti kwenye matope, akaliangalia ua moja jeupe la porini hadi jua likahama. Alipoinuka macho yake yalikuwa na machozi. Mkalimani akaniambia kwamba bwana anashukuru, na kwamba kwao hakuna tena mahali kama hapa.

Nilifikiri: na kwenu palikwishaje?

Wakati yeye akilitazama ua, watu wake walikuwa wakikata miti ya kujengea kambi. Walichimba viazi vyote vya ukingoni, na vichwa vyake wakavitupa motoni. Niliwaambia wavifukie. Walinicheka, si kwa ubaya. Walikuwa na njaa, na bonde halikuwa lao. Siku ya tatu maji ya chemchemi yalikuwa rangi ya udongo, na tembo hawakuja.

Jioni ile Mzungu alikuwa akichora ramani. Aliwaona ndege hua wakiruka makundi kwa makundi kuelekea ule mwamba. Akauliza wanakwenda wapi. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba hua jioni hufuata maji.

“Wanalala kwenye miamba,” nikasema. “Nyuma yake ni mawe matupu.”

Mkalimani alinitazama, na nikaona kwamba naye anajua habari za hua. Kisha akasema na bwana wake kwa Kijerumani, maneno mengi kuliko yangu. Mzungu aliuangalia mwamba, akaniangalia mimi, akaandika kitu.

Siku zote sita za kurudi niliogopa. Niliwaza kiboko cha bomani, nikamwaza dada na mimba yake, nikawaza kama mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya ndege. Tulipokaribia Songea ndipo mkalimani alipopunguza mwendo hadi akawa kando yangu.

“Nilimwambia huko nyoka ni wengi na mizigo haipandi,” alisema. “Kwetu alikuja mmoja kuangalia tembo. Aliyemfuata alikuja na bunduki.”

Hakuniuliza nimeficha nini, nami sikumwambia.

Viangazi viwili baadaye nilikuwa Mshangano kwa shemeji yangu niliposikia kwamba wawindaji wanapita. Nilisimama barabarani na wenzangu kuwatazama. Walibeba pembe nyingi za ndovu, baadhi fupi kama mkono wa mtoto. Mpagazi mmoja aliyeomba maji alinisimulia kwamba walikwenda kwa karatasi aliyochora bwana mmoja wa majani, na kwamba chemchemi imebaki shimo la tope. Nilimuuliza kama walivuka mwamba. Akasema hapana, karatasi ilikataza.

Nilirudi nyumbani nikamweleza dada kwamba mwamba haukuvukwa. Tangu safari ile alikuwa akisema nami yale ya lazima tu. Alisikiliza huku akimnyonyesha mwanawe, kisha akasogea mkekani ili nami nipate pa kukaa.

Mwaka mwingine mvua zilikataa. Dada alitaka twende bonde la pili, tuchimbe viazi kidogo, tumwone na mama, tung'oe magugu kaburini. Alikuwa tayari ameshafunga kikapu. Nami nilitaka sana, Mungu anajua, maana hatujawahi kurudi. Lakini nilimwambia kwamba tukienda sisi watafuata majirani wenye njaa kama yetu, na hatutakuwa na haki ya kuwazuia. Alibishana nami hadi adhuhuri. Nilijua anasema kweli kwamba mtoto asiyelitembelea kaburi la mamaye hulisahau.

Mwishowe alikifungua kikapu, akatoa jembe. Tukaenda kupalilia shamba la misheni, tukalipwa mahindi.