Maji Kwanza, Habari Baadaye

Neno "kufika" nalichukia, sitawadanganya. Zamani, nyumbani kwetu Saio, mtaa wa Bunia, lilikuwa neno tamu: wamefika wageni kutoka Butembo, limefika lori la bidhaa, vimefika viazi vya Kpandroma. Vita vilipoingia Bunia, wakaanza kufika wenye bunduki. Hawa leo, wale kesho, na kila kundi likidai limekuja kutulinda. Kutulinda! Walibeba hadi sufuria zetu.

Baba alikuwa Kilo, huko machimboni, akiwauzia wachimba dhahabu sabuni na chumvi. Tulimngoja wiki tatu. Mama hali, halali, kazi yake kusimama mlangoni.

Siku moja mchana akatokea mwenzake baba wa biashara, peke yake, miguu imevimba. Sasa, kwetu mgeni haulizwi neno. Anakaa, anakunywa maji, anakula, ndipo anaombwa habari. Kumuuliza kabla ni kama kumfukuza, ndivyo tulivyolelewa. Mama akasema, "Karibu, shemeki. Ikala. Mumuletee maji." Nami, mjinga mimi, nikawasha makaa, nikasonga ugali, nikapasha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilitaka kupiga kelele, "Papa iko wapi?" Nikanyamaza, maana nilikuwa binti mwenye adabu.

Alikula polepole, akaongezewa, akala tena. Alikuwa na njaa ya siku nne, simlaumu. Uongo, namlaumu mpaka leo. Aliponawa mikono, mama akauliza, "Haya, shemeki, habari ya njia?"

"Papa ya batoto iko kule kwenye tanuru za matofali, ngambo ya muto. Walimupiga risasi ya muguu. Nilimubeba mpaka pale, nguvu ikaisha. Anasema mukuje mbiyo, damu inatoka mingi."

Mama aliruka. "Na weye unakula tu! Juu ya nini haukusema?"

Yule mwanamume akainamisha kichwa. "Shemeki, hamukuniuliza."

Tulichukua toroli la jirani bila hata kuomba, tukakimbia, mama mbele, kitenge kinamdondoka. Tulimkuta baba ameegemea matofali, macho wazi, uso ameuelekeza kwenye njia tuliyojia. Mama alimwita mara mbili, kisha akamshika mkono. Ulikuwa bado na joto.